Orvan Alituacha Kwenye Theluji

Jumatatu, 3 Machi

Na bado sijamaliza habari ya mikono yake. Jana niliishia kwenye vidole kwa sababu mama mkwe aliniita kutwanga sombe, majani ya muhogo. Basi naendelea. Mikono ya Trésor ina joto hata asubuhi ya mvua. Mkono wa kulia una alama ya kuungua karibu na kidole gumba, aliunguzwa na chuma kazini. Naipenda alama hiyo. Nampenda mtu mzima mzima, na alama zake zote.

Mimi ni mke wa mtu! Neno hilo naliandika tena. Tangu harusi naliandika kila siku na halijanichosha.

Leo nimefagia uwanja, nimewasha mbabula ya makaa, nimepika uji. Nimepiga pasi mashati mawili aliyoyaacha. Hakuna wa kuyavaa. Nimeyapiga pasi tu, basi.

Yeye yuko Kakanda, mgodini, anatengeneza mikanda inayobeba mawe. Alirudi kazini kabla maua ya harusi hayajanyauka. Mimi niko hapa Likasi, mtaa wa Shituru, kwa mama yake, kwa sababu kwao ndivyo ilivyo: bibi arusi mpya hamfuati bwana. Anakaa kwa mama mkwe mpaka bwana mwenyewe aje kumchukua. Akienda peke yake watasema amemkimbilia mwanamume, na maneno hayo yatamfuata hadi uzeeni. Trésor alisema atakuja akipata ruhusa ya mkubwa wake. Ruhusa haijapatikana.

Nyumba ni nzuri. Watu ni wazuri. Kitanda ni kikubwa mno.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Tumetoka kanisani na mapaji ya uso meusi. Njiani mama mkwe akatangaza kwamba Kwaresima hii anaacha filamu. Siyo nyama, siyo sukari. Filamu. Wifi yangu Carine, mdogo wake Trésor, alicheka hadi akashika ukuta wa watu.

«Mama, weye? Na mwisho wa Lango ni juma hii!»

«Njo maana. Kama haiumize, haiko Kwaresima.»

Niandike kisa chenyewe, ili siku moja niwasomee wajukuu wetu (wajukuu wetu!!). Filamu inaitwa Lango la Theluji. Imesemwa Kifaransa juu ya lugha ambayo hatuijui. Sevali ni binti wa mwoka mikate, anasikia maneno ya mbwa mwitu. Orvan ni mlinzi wa mfalme, mrefu, macho ya kijivu. Wanaoana. Kesho yake Orvan anavuka Lango la Theluji kwenda kutafuta moto ulioibwa na mchawi. Na sheria ya Lango ni kwamba aliyebaki haruhusiwi kuvuka. Anangoja. Sevali anangoja na taa mkononi, sehemu baada ya sehemu, msimu baada ya msimu. Sisi wa Likasi theluji hatujaiona hata siku moja, lakini baridi ya Sevali tunaijua vizuri.

Trésor na mimi tuliianza wakati wa uchumba, nyumbani kwa baba yangu kule Panda, wadogo zangu wamekaa katikati yetu kama uzio. Siku mbwa mwitu walipomlilia Sevali, Trésor alipitisha mkono nyuma ya wadogo zangu wote akanishika kidole kimoja. Kimoja tu. Sikuona tena filamu siku ile.

Carine ananiita Sevali wa Shituru. Nacheka. Baadaye, peke yangu, sicheki sana.

Ijumaa, 7 Machi

Leo jioni wanaonyesha mwisho. Kule kambini kwao Kakanda wana televisheni kubwa ya antena ya sahani, katika jumba la kulia chakula. Trésor ataona leo. Sisi tutaona kesho, kwenye kadi ya Djo. Djo ni yule kijana wa karibu na soko anayejaza filamu kwenye kadi za simu. Yeye huzipata wapi hatuulizi.

Tumepatana, mume wangu na mimi: hakuna kusimuliana mpaka wote wawili tumeona. Nimemtumia ujumbe: Angalia polepole, kama tuko wawili. Hajajibu. Mtandao wa kule ni wa kupanda kilima.

Sina hamu ya kula. Kuna bitoyo, samaki wa chumvi, na harufu yake imejaa nyumba nzima. Ningekuwa naye hata bitoyo ingekuwa karamu.

Jumamosi, 8 Machi

Sijui nianze wapi. Nina hasira na mtu ambaye hayupo duniani.

Asubuhi sikukuu ya wanawake, vitambaa, nyimbo, furaha. Mchana umeme ukarudi, tukaita majirani. Papa Augustin wa nyumba ya pili, aliyekuwa dereva wa treni, akaja na kiti chake mwenyewe kichwani. Haketi juu ya kingine, na hakuna anayeruhusiwa kukalia chake. Akina mama wanne wa mtaa. Watoto chini. Mama mkwe akaweka kigoda karibu na mlango, akaipa televisheni mgongo, akaanza kubambua karanga.

Tuliangalia bila kupumua. Sevali yuko Langoni. Taa yake imebaki na mafuta kidogo. Upande wa pili, katikati ya theluji, mtu anakuja. Ni Orvan! Ndevu zimeganda barafu. Tukapiga kelele. Sevali anainua taa. Orvan anasimama. Anamwangalia. Anamwangalia muda mrefu.

Kisha anageuka. Anarudi alikotoka.

Kioo kikawa cheusi. Basi. Imeisha.

Papa Augustin akasimama.

«Ile tu? Miaka yote tunangojea, naye anageuka kama muntu anasahau parapluie ya mvua?»

«Iko na mwanamuke mwingine kule!» Carine akapiga makofi. «Nilisema! Tangu wakati wa mapango nilisema!»

«Mwanamuke gani mu theluji?» akasema Papa Augustin. «Wenye kutunga filme njo bamechoka. Bameona nguvu inaisha, bakazima taa, bakaenda kulala.»

«Nani anageuka?» akauliza mama mkwe bila kugeuza kichwa.

«Mama, si uko mu Kwaresima?»

«Macho njo iko mu Kwaresima. Masikio hapana. Nani anageuka?»

Akaelezwa. Akaacha karanga. Akasema mwanamume akigeuka bila neno, anaona haya ya kitu. Hapo nyumba ikawaka moto. Haya ya nini? Ya mwanamke, akasema Carine. Ya kushindwa kuleta moto, akasema mama wa mtaa. Hakuna haya, akasema Papa Augustin, kuna uvivu. Wakabishana mpaka umeme ukakatika, wakaendelea gizani bila mtu kutambua.

Mimi nililia. Carine alinishika mabega akafikiri ni kwa ajili ya Sevali.

Jumapili, 9 Machi

Mabishano yalitusubiri nje ya kanisa. Hata mlinzi wa baiskeli ana maoni. Kwenye kundi letu la simu, sisi wapenzi wa filamu hii hapa Shituru, ujumbe umekuwa mwingi hadi simu inapata joto. Kuna walioapa kutoangalia tena filamu yoyote. Kuna mwalimu mmoja anayesema mwisho ni wa hekima, kwamba upendo mkubwa ni ule wa kuachilia. Amejibiwa na watu wengi, na si kwa adabu.

Saa ya chakula ujumbe wa Trésor ukaingia. Moyo wangu uliruka. Naunakili hapa ulivyo:

«Bibi yangu, niliona mwisho. Ilinigusa mu roho. Ndoa inapashwa kuwa vile. Nilikuwaza sana.»

Niliusoma mara nyingi. Niliusoma nimesimama, nikausoma nimekaa. Ndoa inapaswa kuwa vile. Vile vipi? Mke kwenye baridi na taa, mume anakuja hadi mlangoni, anamtazama, anaondoka? Na alipoona hivyo ndipo akaniwaza mimi?

Nikajibu: «Na mimi niliona. Kama ndoa iko vile, baki upande wako.»

Nikaubonyeza uende kabla sijapoa. Ukaenda.

Sasa mvua inapiga bati kama mawe. Sijutii. Au najutia kidogo. Hapana, sijutii.

Jumatatu, 10 Machi

Hajajibu.

Jumanne, 11 Machi

Hajajibu. Nimempigia. Sauti ya mwanamke wa mashine. Namchukia mwanamke huyo.

Jumatano, 12 Machi

Leo kwenye bomba la maji. Mama mmoja akanipisha mbele ya foleni: «Acha Sevali apite, taa yake itazimika.» Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Ndoo ilinimwagikia mguuni.

Jioni Papa Augustin alipita kuchukua kiti chake, kwa sababu tangu Jumamosi kilibaki kwetu na hakuna aliyethubutu kukikalia. Akakuta Carine na mama mkwe bado wako juu ya Orvan. Akaketi. Akasema Kakanda ndiko nyuma ya Lango lenyewe, wanaume wanaenda kule na akili yao, wanarudi bila.

«Na banamuke ya Kakanda,» akasema Carine, «banajua kuvaa. Banaona muntu wa kazi, banakuya na sahani ya chakula.»

«Carine,» mama mkwe akamkata.

«Nasema filme, mama! Nasema Orvan!»

Hakuwa anasema Orvan. Au alikuwa anasema Orvan, na mimi ndiye nisiyesikia tena jina la Orvan bila kusikia jina jingine. Nikasimama katikati ya nyumba nikamtetea. Nikasema Orvan si mtu mbaya. Nikasema mtu aliyekaa kwenye baridi miaka yote hiyo hawezi kugeuka bila sababu. Papa Augustin akauliza sababu gani. Nikasema hivyo hivyo tena, kwa sauti kubwa zaidi. Wakaniangalia wote, na mama mkwe akanituma kuona kama bukari, yaani ugali, inaungua. Hatukuwa tumepika bukari.

Alhamisi, 13 Machi

Kimya.

Nimevaa pete kwenye kidole kingine kuona inavyokaa. Inabana. Nimerudisha.

Ijumaa, 14 Machi

Niandike ukweli, maana hapa hakuna wa kunisoma. Naogopa.

Naogopa kwamba Trésor anapendezwa na ndoa ya mbali. Kwamba kuna wanaume wanaotaka kuwa na mke kama wanavyotaka kuwa na picha ya harusi ukutani: iwepo, imenyooka, isiongee. Nilimjua kwa uchumba mfupi, Jumapili na Jumapili. Nilijua mikono yake. Mawazo yake niliyachukua kwa imani. Na ruhusa, je? Kweli mkubwa wake anakataa, au Trésor haombi? Kama anaona kuwa mume ni kufika mlangoni na kugeuka, kwa nini aombe ruhusa?

Leo katika Njia ya Msalaba sikusikia hata kituo kimoja. Nilihesabu wanawake walioketi na waume zao. Nikaacha kuhesabu.

Nyumba imejaa watu na sina mtu. Mama mkwe ni wa Trésor. Carine ni wa Trésor. Hata kikombe ninachonywea ni cha Trésor. Na Trésor hayupo.

Jumamosi, 15 Machi

Nimefunga begi. Nguo tatu za ndani, vitambaa viwili, viatu vya kanisani, daftari hili. Kesho baada ya misa nitapita Panda kwa mama yangu. Sitarudi hapa mpaka mtu aniambie mimi ni nani katika ndoa hii.

Najua maana yake. Bibi arusi akirudi kwao kabla bwana hajaja kumchukua, ni jambo la familia. Wajomba watakaa. Watauliza nani amemkosea nani. Watataka mbuzi au kuku na maneno marefu, na baadaye hata mkipatana itasemwa: yule aliwahi kurudi. Mama yangu atafurahi kuniona kwa dakika chache, kisha ataona begi.

Lakini siwezi tena kusimama langoni. Samahani, Sevali. Siwezi.

Jumapili, 16 Machi

Niandike haraka kabla sijasahau neno hata moja.

Nilitoka misani, nikachukua begi. Mama mkwe alikuwa uwanjani. Akaliona. Aliangalia begi, aliangalia viatu vyangu. Akasema tu: «Nisaidie kwanza hii bitoyo, mwanangu, mikono yangu inauma.» Nikakaa. Mtu hawezi kumkatalia mama mkwe samaki. Tukawa tunakwangua chumvi, begi liko kati yetu kama mgeni.

Na simu ikaanza kulia. Moja, mbili, tatu, ikaendelea. Ujumbe wa sauti, wote wake, wa siku zote hizi, umefika pamoja. Nikafuta vidole kwenye kanga nikafungua wa kwanza.

«Weye, ni nini ile unaniandikia? Nibaki upande wangu, namna gani? Nilikukosea nini?»

Wa pili, upepo mwingi: «Antena ilianguka na mvua. Niko juu ya kilima, haipite. Napanda tena kesho. Unasikia? Napanda tena.»

Wa tatu niliusikiliza nimefunga macho: «Bibi, sielewe hasira yako. Balikuwa bazee! Balikuwa na mvi, Sevali na Orvan, banakula mukate ku meza, hakuna muntu anasema kintu. Orvan anamukatia kipande kikubwa, yeye mwenyewe anabakia na kidogo. Nikaona siye. Nikasema, njo ndoa ile. Sasa kosa iko wapi?»

Nikafungua macho. Mama mkwe alikuwa ameshika samaki hewani.

«Bazee gani?» akasema.

«Mukate gani?» akasema Carine kutoka dirishani. Alikuwa anasikiliza, kumbe.

Tulitoka watatu kama tulivyo, mikono inanuka chumvi, mpaka kwa Djo. Papa Augustin alituona tukipita, akafuata. Djo alikuwa amefungua hata Jumapili. Akachukua kadi yetu, akaingiza kwenye mashine yake, akaangalia, akajikuna sikio.

«Ah. Kadi yangu ya kujazia ilijaa. Ikakata yenyewe.»

«Ilikata nini?»

«Mwisho.»

Papa Augustin alishika kichwa kwa mikono yote miwili. «Djo! Na ile kadi ulijazia Shituru yote! Juma nzima tunapigana!»

«Kama haikuwa muzima, sababu gani hamukulalamika?»

«Tulilalamika kila siku!»

«Mulilalamika juu ya Orvan, papa. Juu yangu hakuna muntu alilalamika.»

Nilikaa chini kwenye ngazi ya duka la watu na nikacheka hadi nikalia, au nikalia hadi nikacheka. Mama mkwe alisimama karibu yangu, paja lake limegusa bega langu. Hakusogea mpaka nilipomaliza.

Begi nimelifungua. Nguo zimerudi kabatini.

Jumatatu, 17 Machi

Tumeangalia mwisho wa kweli. Watu wale wale, kiti kile kile, mgongo wa mama mkwe ule ule.

Kwa hiyo Orvan anageuka kwa sababu nyuma yake kuna zimwi la barafu linalomfuata. Anapigana nalo mahali penye giza sana hata hatukuona nani anampiga nani. Lango linaanguka. Halafu maandishi: miaka mingi baadaye. Na hapo wazee wawili, nyumba ndogo, mkate. Orvan anakata. Sevali anakula. Wanaangaliana. Muziki. Mwisho.

Watu walikasirika kuliko mara ya kwanza!

«Na moto?» akapiga kelele Papa Augustin. «Moto uliibwa tangu mwanzo! Nani alirudisha moto?»

«Banamutia mvi na kipara!» Carine alikuwa na machozi ya kweli. «Orvan wangu, kipara!»

«Na mbwa mwitu? Balikula nani, balienda wapi?» akauliza mama mmoja wa mtaa.

«Ya Djo ilikuwa bora,» Papa Augustin akaamua. «Mule tulikuwa na kitu ya kukasirikia. Huku ni nini? Bazee banakula. Miye naona ile kwangu kila siku, na bure.»

Kwenye kundi ni vita. Sasa kuna chama cha kadi ya Djo na chama cha mkate. Mwalimu wa hekima amehama chama mara mbili tangu mchana.

Na mimi naona pia kwamba ni mwisho mbovu. Zimwi lilitoka wapi? Miaka yote ile ya katikati, walikutana vipi, walisemaje siku ya kwanza? Hayo ndiyo nilitaka kuona, na hawakutuonyesha. Wametuibia. Lakini mkate ulipokatwa nilimwona Trésor peke yake kwenye jumba lile la kulia, katikati ya wanaume wa kambi, anaangalia wazee wawili, ananiwaza. Nikauma kanga.

Nilipogeuka nikaona mama mkwe amegeuza shingo. Kwaresima yake yote iko kwenye kioo. Baba yake Trésor alikufa kabla hata mvi moja haijamtoka. Nikajifanya sijaona.

Jumatano, 19 Machi

Nilimtumia sauti ndefu. Nikamweleza kadi, Djo, begi. Begi nilikusudia kulificha, likatoka lenyewe. Nikamwomba msamaha.

Amejibu leo. Kuhusu begi, katikati ya upepo wa kilima, akasema angekuwa mimi angefunga mawili. Mume wangu! Mtu gani mwingine angesema hivyo?

Halafu akaniambia asilowahi kuniambia. Kwamba kule anakula akiwa ameangalia ukuta, kwa sababu wenzake wanakula na simu zao, wanaongea na nyumba zao, na laini yake yeye inashika kilimani tu. Kwamba jioni anapitia nyuma ya nyumba za mtaani ili asisikie watu wakiitana kula. Kwamba ameomba ruhusa mara tatu. Mkubwa amesema baada ya Pasaka, labda. «Sikukuambia juu sikutaka ulie.»

Nimelia hata hivyo. Majuma yote haya nimeandika upweke wangu kama vile ni mimi niliyeugundua. Kumbe tulikuwa tunaukalia wawili, kila mmoja mwisho wake wa benchi.

Baada ya Pasaka, labda. Ni mbali. Sheria ni sheria: mpaka aje. Na hawezi kuja.

Ijumaa, 21 Machi

Mama mkwe alingoja hadi tumemaliza kula. Akajipangusa mikono polepole. Akasema amempigia simu mdogo wa marehemu mume wake, Papa Mudogo, ambaye ndiye anayeamua mambo ya familia kule Lubumbashi.

«Nilimuuliza: desturi yetu inasema nini? Akasema: bibi arusi asifike kwa bwana peke yake. Nikamuuliza: asifike peke yake, ao asifike? Akasema: peke yake. Nikasema, bon. Miye nitamupeleka.»

Carine alidondosha sahani.

«Mama, mama mukwe anapeleka bibi arusi? Ilionekana wapi?»

«Itaonekana hapa.»

Papa Mudogo, inaonekana, alipinga. Alisema ni mwanamume anayechukua, si mwanamke anayepelekwa. Watu watacheka. Mama mkwe akamjibu kwamba watu wa Shituru wana Orvan wa kucheka, hawana nafasi ya wengine. Alibishana naye mpaka salio la simu likaisha, akanunua jingine akabishana tena. Yeye, anayenyamaza mbele ya shemeji zake wote! Mwishowe Papa Mudogo akasema: fanyeni, lakini asilale kambini, na mama mwenyewe amkabidhi mkononi mwa bwana mbele ya mashahidi.

Mwenzake Trésor wa kazini ana nyumba mtaani kule, na mkewe ametoa chumba. Tutakaa siku chache. Ni matembezi tu, si kuhamia. Kuhamia kutangoja ruhusa. Iitwe vyovyote, sijali.

Nilitaka kumkumbatia. Kwetu hatumkumbatii mama mkwe hivi hivi. Nikapiga goti, nikashukuru kwa mikono miwili. Akasema niamke, sakafu ina maji.

Jumapili, 23 Machi

Siku ya kimya. Carine yuko kwa rafiki yake. Mama mkwe amelala kidogo, mlango wazi. Kundi la simu limehamia filamu nyingine, ya mfalme asiye na kivuli. Wananiambia niianze. Bado.

Mvua imepungua. Gari za kwenda Kakanda zinapita tena, ingawa dereva aliyeulizwa jana alisema kuna mahali abiria wanashuka kusukuma. Nitasukuma. Mama mkwe ameshasema yeye hasukumi.

Nimekaa kwenye ngazi na jua dogo la alasiri. Upweke bado upo. Haukuondoka kwa sababu ya habari njema. Umekaa tu kimya zaidi, nami nauacha ukae.

Siku kamili hatujaijua, itategemea barabara, kwa hiyo sijamwambia tarehe nisije nikamwongopea. Ila naiandika hapa ahadi yenyewe, mume wangu, na nitaishika: kabla mwezi huu haujaisha nitakuja kukutembelea.